Kinanda Kinachoongea Sana: Mafunzo Niliyopata Nikitengeneza Hip-hop

Kwa miaka mingi kinanda changu cha staili kimenilisha kwenye harusi na kwaya. Mkono wa kushoto unashika kodi, mashine inaleta ngoma, bezi na gitaa, mkono wa kulia unapiga sauti ya wimbo. Mpwa wangu aliponiomba biti ya kuchania, nikaona ni kazi ya nusu saa. Alipoisikiliza, akatoa spika za masikioni taratibu: "Mjomba, biti yako inaongea kunishinda." Tangu siku hiyo nimejifunza haya.

1. Anza kwa kuzima
Kwenye Yamaha yangu, staili moja ina njia nane: mbili za ngoma, moja ya bezi, mbili za kodi, moja ya sauti ndefu za kutandika na mbili za vikorombwezo. Zote zikilia pamoja, harusi inachangamka, lakini rapa anakosa pa kukanyaga. Sasa naacha ngoma na bezi, nazima tano zilizobaki. Narudisha moja pale tu pengo linapoidai.

2. Usidanganywe na jina la staili
Staili iliyoandikwa "Hip-hop" ilinipa mlio wa tangazo la sabuni. Biti iliyompendeza mpwa wangu ilitoka kwenye staili ya nyimbo za taratibu: nilitoa gitaa, nikabadilisha seti ya ngoma, nikaweka mwendo wa mapigo 88 kwa dakika. Wakubwa walishaijua njia hiyo. "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, iliyogeuza reggae ya Jamaika mwaka 1985, ilisimama juu ya mdundo uliokuja ndani ya kinanda kidogo, Casio MT-40. "Clint Eastwood" ya Gorillaz ya mwaka 2001, yenye rapu ya Del, inatembea juu ya mdundo wa kiwandani wa Omnichord. Midundo yote miwili kiwandani ilipewa jina la rock!

3. Mkono wa kushoto utulie
Kwaya ilinizoesha kubadili kodi kila baada ya maneno mawili matatu. Tatizo ni kwamba kila nikibadili, bezi inaruka kunifuata, na masikio ya msikilizaji yanaifuata bezi badala ya mistari. Kodi mbili, A-maina na F, zilitubeba wimbo mzima.

4. Sneya ipige kwa kidole
Ngoma za mashine zimenyooka kama rula. Nikichagua seti ya ngoma, funguo zenyewe zinakuwa ngoma: C ngoma kubwa, D sneya, F-shapu haihati. Naiachia mashine haihati, sneya naipiga mwenyewe, ikichelewa kidogo tu, kama mtu anayetembea bila haraka. Ladha inayokaribiana na hiyo Roger Linn aliiweka kwenye mashine ya midundo ya Akai MPC60 ya mwaka 1988: noti za katikati zinacheleweshwa kidogo, mdundo unayumba bila kuanguka.

5. Fili ni chumvi
Harusini nabonyeza fili, ule mmwagiko mfupi wa ngoma, kila baada ya baa nne ili wachezaji wasipoe. Nilipofanya hivyo kwa mpwa wangu, ngoma zilimwagika juu ya neno lililobeba utani wa ubeti mzima. Siku hizi, kabla ya kiitikio, nazima kila kitu kwa pigo moja. Kimya hicho kinashtua kuliko fili yoyote.

6. Kila sauti irekodi peke yake
Wimbo wa kwanza niliupeleka studio ukiwa faili moja, kila kitu kimeungana. Bezi ikameza sauti ya kijana, na fundi hakuweza kuipunguza bila kuharibu ngoma. Nikarudia yote: ngoma peke yake, bezi peke yake, kinanda peke yake. Katikati ya kazi umeme ukakatika kabla sijahifadhi, nikarudia tena. Sasa nahifadhi kabla hata ya kunywa maji.

Biti ya mwisho niliyompa ina ngoma, bezi na noti tatu za piano. Nilijiandaa kusikia lawama kwamba ni nyepesi. Hakusema lolote kuhusu biti. Zilipopita baa mbili, alikuwa ameshaanza kuchana.