Petro Alimwuliza Safira Peke Yake

Somo: Matendo ya Mitume 5:1-11

Vijana wetu wanapenda kujiita "Bonnie na Clyde", wapenzi ambao hawaachani hata mambo yakiharibika. Filamu yao ni ya 1967, Warren Beatty na Faye Dunaway, na kusema kweli imetengenezwa vizuri. Lakini watu wenyewe walikuwepo. Walikutana Texas mwaka 1930, na tarehe 23 Mei 1934 polisi wakawavizia barabarani kule Louisiana. Clyde Barrow alikuwa na miaka 25, Bonnie Parker 23. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo lazima niulize faida. Mara nyingi waliiba maduka madogo na vituo vya petroli, wakilala ndani ya gari. Ajali ya 1933 ilimchoma Bonnie mguu, hakutembea vizuri tena.

Lakini ninayetaka mumtazame ni Blanche, mke wa Buck, kakake Clyde. Mumewe alikuwa ametoroka jela. Blanche akamsihi arudi, na mwisho wa 1931 akarudi mwenyewe. Mwanamke wa maana! Machi 1933 Buck akasamehewa, akatoka. Hapo si wangeanza maisha? Badala yake wakaenda kumtembelea Clyde. Blanche hakutaka, lakini akamfuata mumewe. Polisi walipofika kwenye nyumba hiyo wawili wao wakauawa, na tangu siku hiyo Blanche naye akawa mtu wa kutafutwa. Julai Buck akafa kwa majeraha ya risasi. Blanche akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, akafungwa miaka 10, akatumikia kama sita.

Sasa Safira. Wengi tunasoma hapa kama somo la sadaka, na ni sawa, lakini hebu angalia mstari wa 7 na 8. Saa tatu zimepita, Anania ameshazikwa, na mke hajui. Petro anamtajia bei na kumwuliza yeye binafsi. Hiyo ni nafasi, jamani! Angesema tu, "Hapana, tuliuza kwa zaidi." Akashikilia walilopatana nyumbani. Nadhani aliona huo ndio uaminifu kwa mume. Na kama mtu atasema mke ametakiwa kutii, asome Wakolosai 3:18 mpaka mwisho: ni katika Bwana.

Hapa Highrise, na kule Soweto, mambo haya hayaanzi na bunduki. Yanaanza na begi. "Babe, niwekee hii mpaka kesho." Ndani kuna simu tano na laptop isiyo na chaja. Unajua, na huulizi. Kifungu cha 322 cha sheria yetu ya jinai kinasema kushika mali ya wizi ukijua kunaweza kukufunga hadi miaka 14, na hakimu pale Kibera hatauliza kama mnapendana. Tukienda huduma Gereza la Wanawake la Lang'ata, hapo karibu tu, nimeketi na dada ambao mwenye begi hajawahi kuja kuwaona.

Kama begi liko chini ya kitanda chako, usingoje Jumapili. Mama Mchungaji na mimi tuko ofisini Jumatano kuanzia saa kumi na moja jioni. Kuja peke yako. Tutaomba, halafu tutakusindikiza kituoni pamoja na wakili. Na wewe ndugu uliyeliacha hilo begi, mlango ni huo huo, lakini wewe njoo Alhamisi.