SOMO LETU: MTOTO ALIYEUMIA AKIZALIWA

Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo wake waweza kuumia, asiweze kukaa wala kusema. Nani atalipia matunzo yake?

Leo tujifunze habari za Florida, jimbo la Marekani. Sheria ya mwaka 1988 iliweka mfuko wa fidia. Madaktari na hospitali huuchangia. Mzazi halazimiki kuonyesha kosa la daktari. Hupeleka madai, na jaji huamua. Akikubaliwa, mtoto hutunzwa maisha yake yote, lakini kwa kawaida mzazi hawezi tena kumshtaki daktari. Ikipita miaka 5 tangu mtoto azaliwe, hakuna fidia.

Basi tutunze kadi za kliniki. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali: Mzazi akichelewa, hupoteza nini?