Kiboko Kimelala

Mhariri wetu aliniomba mimi mlezi wa chama niandike somo la ngeli. Nikakubali, lakini itanibidi kwanza niungame jambo. Mwalimu wenu alianguka mtihani, tena mtihani alioutunga mwenyewe!

Kama mjuavyo, kazi yangu iko Thika nami hukaa Ruiru. Jioni, matatu ikishanishusha na chai ikishanyweka, simu yangu ilikuwa ya vichekesho tu. Siku moja nikajiandikisha katika kozi huria ya mtandaoni. Hizi ni kozi za intaneti ambazo yeyote huingia bila kuulizwa alama za KCSE, na mara nyingi bila karo. Atakaye cheti rasmi ndiye hulipa. Ile iliyozipa jina ilifundishwa mwaka wa 2008 na George Siemens na Stephen Downes katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Wanafunzi 25 walilipa, na wengine zaidi ya 2,200 wakasoma bure. (Msichanganye na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopewa hati mwaka wa 2023. Hicho ni chuo kamili na karo iko.)

Kozi yangu ni CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, mhadhiri wake David Malan. Mimi mtu wa sarufi na fasihi, kompyuta niliijua ya kuchapa mitihani, basi. Kumbe zoezi la kwanza ni kucheza! Unatumia Scratch, programu iliyotolewa na MIT mwaka wa 2007. Unaunganisha vipande vya rangi kama mtoto ajengaye kwa vibao, na paka wa rangi ya chungwa anakutii. Hata lugha yake inageuzwa kuwa Kiswahili. Usiku ule paka alitembea, akaruka, akalia nyau hadi mama watoto akauliza tumeanza lini kufuga.

Nikaamua kutengeneza mchezo wa ngeli. Maneno yanaanguka kutoka juu na paka anayadaka yale ya KI-VI pekee. Sharti nililompa lilikuwa fupi: kama neno linaanza na ki-, lidake. Nikajipongeza nikalala.

Scratch hufanya kazi hata bila intaneti, kwa hivyo nikaipakua na kuileta maabara ya kompyuta. Kidato cha Tatu wakakusanyika. Kisu, sawa. Kiti, sawa. Likaanguka neno chakula, paka akalipuuza. "Mwalimu, paka ameshiba?" Halafu likaja kiboko, akalidaka na kupewa alama. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye si msemaji, akauliza polepole: "Kwa hivyo, Mwalimu, kiboko kimelala?"

Lo! Kicheko kilisikika hadi jikoni. Nikajitetea kwamba nilikuwa na maana ya kiboko cha kuchapia, na hicho kweli kimelala, maana kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Hawakunisikiza.

Lakini tazameni kosa lenyewe. Mtu akisikia kiboko humwona mnyama mtoni, ndipo aseme amelala. Mashine huona k na i tu. Miaka hii yote nimefunza kwamba ngeli ni upatanisho wa sentensi, kumbe nilipoulizwa na paka nikajibu kwa herufi za mwanzo. Umbo husema viboko, vijana, vipofu, lakini sentensi husema wamelala, wamefika, wameketi.

Tukarekebisha ubaoni. Kwanza uliza kama kina uhai. Kikiwa nao, kipeleke A-WA. Kisha tukaongeza ch- kwa ajili ya chakula, na papo hapo paka akadaka chupa! Ch- peke yake haitoshi. Chumba huwa vyumba, lakini chupa hubaki chupa, nayo ni ya I-ZI. Ikabidi kila neno nimwandikie paka pamoja na wingi wake, kazi iliyonichukua jioni tatu. Wakati huo kozi ilikuwa imeingia lugha ya C, na zoezi la kuchora piramidi kwa alama za # likanishinda. Wengi wanaojiandikisha katika kozi hizi huziacha njiani, na mpaka leo mimi, ninayewafokea kwa kutomaliza kazi ya ziada, ni mmoja wao.

Juma lililofuata paka hakukosea hata neno moja, mpaka mvulana mmoja akainua mkono. "Na kitoto, Mwalimu? Kina uhai, na tunasema kitoto kinalia." Kengele ikaniokoa.

Mchezo uko kwenye kompyuta ya tatu kutoka dirishani. Neno kitoto nimeliondoa kwa sasa. Mwenye sharti litakalodaka kitoto, kijitu na kijibwa bila kumgusa kijana wala kipofu aniletee ofisini. Mimi nimerudi kwenye piramidi.