Muhogo Mchungu: Usikatize Siku za Kuloweka

Ukiacha nyanya iliyopasuka kikapuni, baada ya siku chache inalainika, inatoa maji na kunuka. Kabichi na viazi huoza hivyo hivyo. Nani anafanya kazi hiyo? Mara nyingi ni bakteria.

Bakteria ni vijidudu vidogo sana. Huwezi kuwaona kwa macho. Wengine huleta magonjwa kwa watu, kama kipindupindu. Wengine huleta magonjwa kwa mimea. Mkoani Kagera bakteria wamenyausha migomba ya watu wengi tangu miaka ya 2000. Lakini wako pia bakteria wanaotusaidia. Leo tutajifunza jinsi wanavyolainisha muhogo, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kuokoa miguu ya mtoto wako.

BAKTERIA WANAKULAJE?

Bakteria hana mdomo wala meno. Yeye hutoa vimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kinachovunja chakula kiwe vipande vidogo sana. Hata mate yako yana vimeng'enya. Jaribu leo: tafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kumeza. Utaona linaanza kuwa tamu. Mate yamegeuza wanga kuwa sukari.

Mmea umejengwa kama nyumba yenye vyumba vingi vidogo. Kuta za vyumba hivyo zimeshikana kwa kitu kama gundi. Vimeng'enya vya bakteria huyeyusha gundi hiyo. Nyumba inabomoka. Ndiyo maana nyanya inalainika. Shambani na ghalani hiyo ni hasara. Katika mtungi wa kulowekea muhogo, hiyo ni faida.

SUMU YA MUHOGO

Muhogo mchungu una sumu. Sumu hiyo ni ya ukoo mmoja na sayanaidi, ile dawa kali ya kuchenjulia dhahabu. Watu wa Geita na Kahama wanaijua.

Katika muhogo mzima sumu imefungwa. Muhogo wenyewe una kimeng'enya cha kuifungua, lakini kimewekwa mbali nayo. Bakteria wakibomoa kuta, viwili hivyo hukutana. Sumu hufunguka. Nyingine huingia majini, nyingine hupaa hewani.

Kazi hiyo huchukua siku tatu au zaidi. Kuchemsha peke yake hakutoshi. Moto huharibu kimeng'enya cha muhogo, na sumu hubaki imefungwa. Halafu huja kufunguka tumboni mwako.

YALIYOTOKEA TARIME

Mwaka 1985 kulikuwa na ukame wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Watu walikula muhogo mchungu karibu kila siku, nao ulikuwa haujatayarishwa vya kutosha. Watu wengi, hasa watoto, walishikwa ghafla na ugumu wa miguu yote miwili. Wengine hawakuweza tena kutembea bila fimbo.

Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzao wa Sweden waliuchunguza ugonjwa huo. Unaitwa konzo. Jina hilo limetoka Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitokea tena Mtwara na Mbinga.

Konzo hauambukizi. Si uchawi. Lakini hauna dawa ya kuuponya. Mtoto aliyepata konzo leo ataishi nao hadi uzee.

Kwetu Shinyanga na Geita mvua nayo hukosekana, na muhogo ndio akiba yetu. Siku ya pili mtoto analia njaa, mama anautoa muhogo majini kabla ya wakati. Au mfanyabiashara anataka kuwahi kuuza unga machimboni. Hapo ndipo hatari ilipo.

FANYA HIVI

1. Menya muhogo, uoshe, uukate vipande.
2. Uloweke katika maji safi yanayoufunika wote. Usitumie kamwe maji au ndoo za mialo ya kuchenjulia dhahabu. Zina zebaki.
3. Ngoja siku tatu kamili. Bonyeza kwa kidole. Ukiwa bado mgumu, ngoja siku nyingine.
4. Mwaga maji hayo mbali na kisima na mifugo. Usiyatumie kupikia.
5. Kamua muhogo, uvunjevunje, uanike juani juu ya mkeka au mwamba safi mpaka ukauke kabisa.
6. Kula ugali wa muhogo pamoja na dagaa, samaki, maharage au mayai. Vyakula hivyo huusaidia mwili kuondoa sumu iliyobaki kidogo.

Wale wanaovundika muhogo badala ya kuuloweka, nao wasikatize siku.

Je, njaa ikibana? Loweka kwa zamu. Kila siku loweka fungu moja. Kuanzia siku ya nne utakuwa unatoa fungu moja kila siku, na hutalazimika kuharakisha. Weka pia michembe ya viazi kwa ajili ya siku za kungoja.

Mtu akila muhogo kisha akatapika, akaumwa kichwa na kuona kizunguzungu, mpelekeni zahanati mara moja. Mtoto akianza kujikwaa au kutembea kwa miguu migumu, msingoje. Mleteni.

Ndugu msomaji, bakteria hawadai mshahara. Wanadai siku tatu tu. Wape.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Bakteria hulainishaje nyanya na muhogo?
2. Kwa nini kuchemsha muhogo mchungu peke yake hakutoshi?
3. Katika kijiji chetu, ni wakati gani watu hukatiza siku za kuloweka? Tufanye nini ili wasikatize?