Simu Inapomsaidia Mtoto Kusema, na Inapomnyamazisha

Katika nyumba nyingi za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mtoto wa miaka mitatu husikia Kiswahili uani, Kirundi kwa bibi, na Kifaransa akianza shule ya chekechea. Siku hizi kuna sauti ya nne: simu inayomtajia rangi na wanyama kwa Kiingereza. Mtoto akichelewa kusema, wazazi hutaka kujua kama simu hiyo ni dawa au ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Je, programu ya simu inaweza kumfundisha mtoto mchanga kusema?

Haiwezi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha jaribio lao juu ya watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Baadhi walikaa na watu waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina. Wengine waliwaona na kuwasikia watu haohao kwenye televisheni. Wale wa kwanza walijifunza kutofautisha sauti za Kichina; wale wa televisheni hawakuambulia kitu. Walichokosa ni mtu wa kuwatazama na kuwaitikia.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kuongea kwa video na baba aliyeko Uvira au Kigoma ni jambo jingine, kwa sababu baba hujibu.

Mtoto wa miaka mitatu au minne atafutiwe programu gani?

Ile inayomfungua mdomo mtu mzima aliye karibu naye. African Storybook, mradi uliozaliwa Afrika Kusini, hutoa bure hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mama anasoma, anafika kwenye picha, anauliza: "Mbuzi anakwenda wapi?" Kisha anasubiri. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, maana mtu mzima huona haya kukaa kimya, akamjibia mtoto. Mtoto akisema "mbuzi soko", asigombezwe, aongezewe tu: "Ndiyo, mbuzi anakwenda sokoni." Katuni za *Akili and Me*, zinazotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, nazo zinafaa, mradi zikiisha kuwe na mtu wa kuzizungumzia.

Wauzaji wa vishikwambi hupenda kuutaja mkoa wa Tanga, ambako watoto walijifunza kwa programu za Kiswahili katika shindano la Global Learning XPRIZE, na Kitkit School na onebillion wakagawana ushindi mwaka 2019. Lakini kilichopimwa pale ni kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa watoto ambao tayari walikuwa wakizungumza.

Na zile zinazosahihisha matamshi?

Zitumike kwa tahadhari kubwa. Mtoto aliyekulia kwenye Kirundi husema "kurara" badala ya "kulala", kwa kuwa Kirundi hakizitenganishi l na r. Programu iliyofunzwa kwa sauti za watoto wa mbali itamhesabia kosa. Mtoto huyo hana tatizo la matamshi, na hastahili kuambiwa analo.

Lugha tatu nyumbani si ndizo zinazomchelewesha?

Hapana. Maneno yake yahesabiwe katika lugha zote kwa pamoja: akisema "amata" kwa bibi na "maziwa" kwa mama, hayo ni mawili. Kumnyima bibi Kirundi chake ili mtoto azoee Kifaransa cha kwenye simu ni hasara tupu. Bibi anayeita "Sokwe!", mwito wa kufungua vitendawili kwa Kirundi, na kungoja jibu la "Niruze!" anamfundisha mjukuu kupokezana maneno kabla hata kitendawili hakijategwa.

Ana miaka minne na bado hasemi. Tufanye nini?

Masikio yapimwe kwanza. Kwa kweli miaka minne ni kuchelewa: mtoto asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, au anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kwa daktari mara moja.

Wakati huohuo apewe njia ya kujieleza. LetMeTalk ni programu ya bure ya Android yenye maelfu ya picha za kugusa, na haihitaji mtandao. Familia huongeza picha zake: bibi, ndagala, isombe. Mtoto akigusa, mtu mzima alitamke neno kwa lugha ya nyumbani. Wengi huhofia kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Uhakiki wa Millar, Light na Schlosser wa mwaka 2006 ulichambua tafiti zilizokuwa na ushahidi imara, na haukukuta mtu hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua; kwa wengi uliongezeka. Umeme ukikatika, picha hizohizo zilizochapishwa na kubandikwa kwenye kadibodi zinatosha.

Tukimwona mtaalamu, twende na nini?

Na video. Wataalamu wa lugha na matamshi bado ni wachache. Shahada ya kwanza ya fani hiyo Afrika Mashariki ilianza Makerere mwaka 2008, kwa hiyo muda wa kuonana nao huwa mfupi, na watoto wengi hunyamaza mbele ya mgeni. Dakika mbili za mtoto akicheza na ndugu zake, zilizorekodiwa kwa simu hiyohiyo, humwonyesha mtaalamu anachoelewa, anavyoomba na anavyokataa.