Fimbo, Chombo cha Umeme na Mashimo ya Dhahabu

Siku hizi twasikia habari za vyombo vidogo vya umeme vinavyovaliwa mwilini, mkononi au kifuani, au usoni pamoja na miwani, ambavyo humwonya mtu asiyeona kwamba mbele yake pana kizuizi. Wako wasemao kwamba fimbo nyeupe sasa imepitwa na wakati. Wako na wengine wanaocheka, wakidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali yasiyotuhusu. Pande zote mbili zakosea. Katika somo la leo twataka kueleza kwa utaratibu jinsi chombo hicho kifanyavyo kazi, kiwezacho na kisichoweza. Kisha tuyapime maneno hayo katika nchi ya Shinyanga na Geita, ambako ardhi yenyewe imetobolewa na watafutao dhahabu.

Chombo chafanyaje kazi?

Kila mtu amepata kumwona popo akiruka gizani kati ya matawi bila kugonga hata moja. Popo hutoa sauti nyembamba mno, nayo sauti hiyo hupiga kitu kilicho mbele na kurudi masikioni mwake kama mwangwi. Mwangwi ukirudi upesi, kitu ki karibu. Ukichelewa, ki mbali. Vyombo vingi vya wasioona vimefuata njia hiyo hiyo.

Ndani ya chombo mna kipaza sauti kidogo kitoacho mlio wa mitetemo kama 40,000 kwa sekunde. Sikio la mtu huishia kama 20,000, basi hakuna ausikiaye. Sauti husafiri hewani kama meta 340 kwa sekunde. Ikiwa nguzo iko meta 2 mbele, mlio utakwenda meta 2 na kurudi meta 2, yaani meta 4 kwa jumla, na safari hiyo huchukua kama sehemu 12 katika elfu za sekunde. Ikiwa nguzo iko meta 1, ni sehemu 6 tu. Chombo hupima muda huo, kisha hutetema juu ya ngozi ya mvaaji: polepole kitu kikiwa mbali, kwa haraka kikiwa karibu. Ndiyo siri yote, wala hamna uganga ndani yake.

Tena jambo hili si la jana. Katika miaka ya 1960 mhandisi Leslie Kay, aliyefanya kazi Uingereza na baadaye New Zealand, alitengeneza tochi ya sauti kwa ajili ya wasioona, na baadaye miwani ya namna hiyo. Kwa jirani zetu wa Kenya, Brian Mwenda alibuni chombo kiitwacho Sixth Sense, nacho mwaka 2018 kiliingia katika orodha ya vilivyoteuliwa kushindania Tuzo ya Afrika ya Uhandisi. Basi asiseme mtu kwamba elimu hii haiwezi kukaa mikononi mwa vijana wa Afrika ya Mashariki.

Kiwezacho

Fimbo hugusa chini. Haigusi tawi la mwembe lililoinama njiani, wala ncha ya bati la kibanda, wala kamba ya kuanikia nguo, wala mbao zilizochomoza nyuma ya lori lililosimama. Vitu hivyo humpiga asiyeona kifuani na usoni, naye hana onyo lolote. Hapo chombo cha umeme chafaa kweli kweli, kwa maana hulinda sehemu ya mwili ambayo fimbo haiilindi. Mtu aliyewahi kupasuliwa paji la uso na bati hatadharau msaada huo.

Tena chombo kitetemacho juu ya ngozi ni bora kuliko kile kilichojaza makelele masikioni. Asiyeona hutumia masikio yake kama sisi tutumiavyo macho: husikia hatua za watu, upepo unaokatwa na ukuta, pikipiki inayokuja kwa mbali. Ukimziba masikio kwa ajili ya kumwongoza, umemnyang'anya njia moja ili kumpa nyingine.

Kisichoweza

Sasa tufike penye jambo kubwa. Chombo hiki hutambua kitu kilichopo. Shimo ni mahali pasipo na kitu. Mlio uliotumwa mbele kutoka kifuani hupita juu ya shimo kana kwamba ni njia tambarare, wala haurudi na habari yoyote. Viko vyombo vilivyoelekezwa chini, lakini mteremko, majani na kokoto huweza kuvichanganya. Mtu anayekanyaga ardhi yenye mashimo akitegemea mlio wa mbele tu, amejiweka hatarini.

Ziko na kasoro nyingine. Ukuta wa bati uliokaa mshazari huutupa mwangwi upande, usimrudie mvaaji. Nguo za mitumba zilizotundikwa gulioni huumeza. Katikati ya watu wengi chombo hutetema bila kukoma, hata kisiwe na maana. Pikipiki iendayo kilometa 36 kwa saa hupita meta 10 kila sekunde. Ikiwa chombo chaona meta 4 tu, onyo litafika chini ya nusu sekunde kabla ya kugongwa. Zaidi ya hayo, betri huisha, vumbi huingia, mvua hulowesha, na fundi wa kukitengeneza huenda asipatikane ila mjini. Fimbo haina betri.

Nchi yenye mashimo

Wasomaji wetu wa pwani na wa nyanda za juu huenda hawajui hali ya nchi ya dhahabu. Huko Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu katika Geita, na huko Mwakitolyo katika Shinyanga, wachimbaji wadogo huchimba mashimo marefu waitayo maduara. Dhahabu ikiisha, au habari ya mgodi mpya ikisikika, watu huhama. Duara hubaki wazi, pengine kando ya njia iendayo kisimani au nyuma ya nyumba ya jirani. Mvua ikinyesha, hujaa maji. Majani yakiota, mdomo wake hufichika. Kingo zake humomonyoka mwaka hata mwaka. Mtu mwenye macho mawili mazima aweza kutumbukia humo usiku. Asiyeona, kwake ni usiku saa zote.

Tena migodi yenyewe huweza kuongeza idadi ya wasioona. Baruti ilipukayo kabla ya wakati, na vipande vya mawe virukavyo chini ya nyundo, huharibu macho ya vijana wenye nguvu. Katika nchi hiyo hiyo wamo ndugu zetu wenye ualbino, ambao wengi wao huona kwa shida. Kwa sababu hiyo shule ya Buhangija katika Manispaa ya Shinyanga yajulikana sana, kwa kuwa wamelelewa pale pamoja watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Mambo tunayoyaeleza si ya watu wachache wa mbali.

Fimbo ni kwanza

Fimbo nyeupe ina historia yake. Mwaka 1921, katika mji wa Bristol, Uingereza, James Biggs, aliyepoteza macho kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili wenye magari wamwone. Mwaka 1944 Richard Hoover, akiwafundisha askari waliopofuka vitani katika hospitali ya Valley Forge, Marekani, alianzisha ufundi wa fimbo ndefu. Kila mwaka tarehe 15 Oktoba mataifa mengi, pamoja na Tanzania, huadhimisha Siku ya Fimbo Nyeupe.

Ufundi wenyewe ni huu. Fimbo yafika kama kwenye mfupa wa kifua cha mwenyewe. Huipeleka kulia na kushoto kwa upana wa mabega yake. Mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha ya fimbo hugusa kulia, pale mguu wa kulia utakapokanyaga. Kisha kinyume chake. Hivyo kila hatua imepimwa kabla ya kukanyagwa. Ncha ikikosa ardhi, mtu husimama. Ncha hiyo ndiyo itambuayo mdomo wa shimo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya vifaa 50 vinavyohitajiwa kuliko vingine na wenye ulemavu, fimbo nyeupe ilikuwamo.

Basi utaratibu wa busara ni huu: kwanza daktari wa macho, pili fimbo pamoja na mafundisho, tatu chombo cha umeme. Tumemtaja daktari kwanza kwa sababu wako wazee wengi wanaohesabiwa kuwa vipofu, kumbe wana mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji mfupi. Hospitali ya Bugando kule Mwanza ina madaktari wa macho. Kumvisha mzee huyo chombo cha umeme kabla ya kumpima ni kumfunga bandeji mtu asiye na jeraha.

Mtoto mwenye kushika fimbo

Liko jambo jingine lisemwalo mara chache. Katika nyumba nyingi mzee asiyeona hushika ncha moja ya fimbo na mjukuu hushika ncha ya pili. Twawasifu watoto hao, nao wastahili sifa. Lakini mtoto aongozaye babu kila asubuhi hayumo darasani. Mzee akifundishwa kutembea peke yake, wawili wamefunguliwa pamoja: babu hatasubiri tena ruhusa ya kwenda kwa rafiki yake, na mjukuu atapata kusoma. Hiyo ndiyo faida kubwa ya fimbo na ya chombo pia, nayo haionekani katika bei ya dukani.

Kazi ya nani?

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 20 chanena juu ya kumwezesha mtu kutembea kwa kujitegemea kadiri iwezekanavyo, na kupata vifaa kwa bei anayoimudu. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Maneno ni mema. Lakini hakuna chombo, cha bei yoyote, kiwezacho kushinda shimo lililoachwa wazi kwa uzembe.

Aliyechimba na afukie. Akiwa amehama, kijiji kisingoje arudi. Nchi hiyo ina sungusungu, waliozaliwa katika sehemu za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulinda ng'ombe na mali. Walioweza kulinda ng'ombe usiku hawashindwi kuhesabu maduara mchana, kuyafukia kwa vifusi vyake yenyewe, au kuyazungushia boma la miiba lenye urefu wa kufika kifuani. Kwa boma hilo fimbo itagusa, na chombo cha umeme nacho kitapata kitu cha kutambua.

Na sisi tulio njiani tujifunze adabu ya kuongoza. Tuseme kwanza: "Shikamoo mzee, mimi ni fulani. Je, nikusaidie?" Akikubali, tumpe kiwiko chetu akishike, tutangulie nusu hatua, tumwambie penye mfereji au ngazi. Tusimsukume mbele yetu, wala tusiikamate fimbo yake, maana fimbo ile ndiyo jicho lake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini chombo cha sauti hutambua tawi lakini hakitambui shimo?

2. Je, katika jamaa yetu yuko mzee asiyeona ambaye hajapata kupimwa na daktari wa macho?

3. Katika njia iendayo kisimani, shuleni au gulioni, mashimo yaliyo wazi ni mangapi? Ni nani atakayekwenda kuyahesabu Jumamosi hii, na ni nani atakayekuja na jembe?