Macho ya Mtoto wa Kobe

Mvua za kwanza za vuli zinaponyesha katika vijiji vya Guta, wilayani Bunda, udongo uliokuwa mgumu kama tofali hulainika. Wakati huo watoto wa kobe, ambao wamekaa ndani ya mayai chini ya ardhi kwa miezi mingi, hutoboa maganda na kujichimbua hadi juu. Mtoto wa kobe aliyetoka yaini karibuni huenea katika kiganja cha mkono wako. Urefu wake ni sentimita 4 au 5 hivi. Gamba lake lina rangi ya manjano yenye mabaka meusi, na bado si gumu kama la mama yake.

Si ajabu basi kwamba watoto wengi wakimwona humchukua na kwenda naye nyumbani. Humtia katika boksi la viatu, humpa jina, na humwekea majani ya kabichi. Baada ya wiki chache macho ya mnyama huyo huvimba, kope zake hufumba, naye huacha kula. Watu wa nyumbani husema, "Amelala." Kobe huyo hakulala. Ni mgonjwa. Kobe hutafuta chakula kwa kuona na kunusa, na asipoweza kufumbua macho hukaa bila kula hata kama chakula kiko mbele yake. Mnyama mwenye uzito usiozidi ule wa yai la kuku hana akiba ya kumwezesha kuishi hivyo kwa muda mrefu.

Katika somo hili tutachunguza jicho la kobe, mambo yanayolidhuru, na huduma inayofaa.

Kobe tunayemsoma

Kobe wa nchi kavu asichanganywe na kasa wa baharini, wala na kobe wa maji anayeonekana mara nyingine katika nyavu za wavuvi wa Ghuba ya Speke. Kobe wa maji ana miguu bapa yenye utando, naye hula samaki, wadudu na mizoga. Kobe wa nchi kavu ana miguu minene kama nguzo, naye hula majani. Ukimtia katika maji yenye kina atazama na kufa.

Kobe wa nchi kavu anayeonekana zaidi katika mbuga za mkoa wa Mara ni yule mwenye madoa kama ya chui. Jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, akiulainisha udongo mkavu kwa mkojo wake, kisha hutaga mayai kati ya 5 na 30. Mayai hayo hukaa ardhini zaidi ya miezi minane, na mara nyingine huzidi mwaka mmoja. Mama hayalalii wala hayalindi. Mtoto akitoka, hana wa kumwonyesha chakula.

Yuko pia kobe wa mawe, ambaye gamba lake ni bapa na hulegea likibonyezwa, hata aweza kujipenyeza katika nyufa za majabali. Wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1903, kutokana na kobe aliyepatikana upande wa kusini wa Ziwa Viktoria. Kobe huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja.

Jicho la kobe lilivyo

Jicho la kobe lina kope ya juu na kope ya chini kama lako. Zaidi ya hizo, lina utando mwembamba unaolifuta jicho kutoka upande wa pua. Ukimtazama kobe kwa makini utauona utando huo ukipita haraka.

Sasa fikiri juu ya machozi. Mtu akilia, pua yake nayo hutoka majimaji. Sababu yake ni kwamba machozi ya binadamu hupita katika kifereji chembamba kinachotoka pembeni mwa jicho na kuingia puani. Kobe hana kifereji hicho. Machozi yake hukauka juu ya jicho au hutiririka shavuni. Kwa hiyo unyevunyevu kidogo chini ya jicho la kobe si ugonjwa. Dalili za ugonjwa ni kope kuvimba, matongo mazito, jicho kuzama ndani, au macho kukaa yamefumba wakati wa mchana.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Binadamu hukohoa kwa kutumia msuli mpana ulio chini ya mapafu. Kobe hana msuli huo wa kusukuma hewa kwa nguvu, na hawezi kukohoa vizuri. Vumbi au kamasi ikiingia kifuani mwake hutoka kwa shida. Hivyo ugonjwa unaoonekana machoni huenda ukawa umekwisha kufika mapafuni.

Nini huyadhuru macho?

Chukua mfano wa boksi lile la viatu. Mtoto aliyemleta kobe amekwenda kwa fundi seremala akaomba unga wa mbao, akautandaza ndani ya boksi ili kobe alale pakavu. Boksi ameliweka jikoni, karibu na mafiga, kwa kuwa huko kuna joto. Nia yake ni njema, lakini mambo yote mawili yanamuumiza mnyama.

Unga wa mbao ni mwepesi. Kobe anapotembea huurusha, na kwa kuwa kichwa chake kiko sentimita moja au mbili tu juu ya sakafu, vumbi humwingia machoni moja kwa moja. Mchanga mkavu wa ufukweni hufanya vivyo hivyo. Moshi wa kuni, au wa tanuri la kubanikia samaki, huwasha macho ya kobe kama unavyowasha yako. Tofauti ni kwamba wewe unaweza kutoka nje. Vilevile boksi lisitumike ikiwa liliwahi kuwekwa dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Harufu yake peke yake ni onyo la kutosha.

Sababu ya pili ni ukavu. Mtoto wa kobe hupoteza maji ya mwili upesi kuliko mkubwa. Porini hukaa chini ya majani au kwenye mizizi ya nyasi, mahali penye unyevu hata wakati wa jua kali. Katika boksi kavu macho yake hukosa machozi ya kutosha, huzama, na kope hugandamana.

Sababu ya tatu ni chakula. Watu wengi, wakiona kobe mwenye macho yaliyovimba, mara hutaja upungufu wa vitamini A. Ni kweli kwamba vitamini hiyo huhitajika ili ngozi nyororo iliyo ndani ya kope na tezi za machozi iwe na afya. Ikikosekana, ngozi hiyo huwa nene na kavu, chembe zilizokufa hujazana, na njia za machozi huziba. Watoto wa binadamu nao wakikosa vitamini A hushindwa kuona vizuri gizani, na wengine hupofuka. Hata hivyo tusiharakishe. Mtoto wa kobe hutoka yaini akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, na akiba ya vitamini aliyoachiwa na mama yake haiishi kwa siku chache. Tena, kobe anayekula majani mabichi ya aina mbalimbali hapungukiwi upesi na vitamini hiyo. Kwa hiyo macho yakivimba katika wiki za mwanzo, chunguza kwanza vumbi, moshi na ukavu. Upungufu wa vitamini ushukiwe zaidi kwa kobe aliyelishwa kwa miezi mingi ugali, mkate, au tango peke yake.

Sababu nyingine ni vijidudu. Kobe aliyewekwa mahali penye baridi au uchafu hushambuliwa na bakteria wanaosababisha mafua na macho kuvimba. Kobe ni mnyama wa damu baridi, yaani joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akipoa, tumbo halisagi chakula vizuri na mwili haupigani na vijidudu. Mafua hayo huambukiza kobe wengine.

Jaribio

Jaribio hili halihitaji kobe. Tafuta mifuniko miwili ya makopo, upake kila mmoja mafuta ya kula kidogo sana. Chukua maboksi mawili. Katika boksi la kwanza tandaza unga wa mbao mkavu, na katika la pili udongo wenye unyevu kidogo uliofunikwa kwa nyasi. Weka mfuniko mmoja katikati ya kila boksi, upande wenye mafuta ukiwa juu. Pitisha kijiti ndani ya kila boksi mara ishirini, kama vile mnyama mdogo anavyotambaa. Toa mifuniko uitazame kwa kioo cha kukuzia. Ni upi umenasa vumbi jingi zaidi? Mafuta hayo yamefanya kazi kama uso wa jicho wenye unyevu.

Huduma kwa kobe mgonjwa

Kwanza ondoa kinachodhuru. Mtoe kobe katika vumbi na moshi, umweke juu ya udongo safi wenye unyevu kidogo na nyasi. Apate jua la asubuhi, na pawepo kivuli cha kukimbilia, kwa maana mtoto wa kobe akiachwa juani bila kivuli hufa kwa muda mfupi. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halitoshi, kwa kuwa kioo huzuia ile miale inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo gamba huwa laini.

Kila siku umweke katika beseni lenye maji ya uvuguvugu, kwa dakika 15 hadi 20. Maji yasipite kidevu chake. Usiondoke karibu naye. Mara nyingi kobe atakunywa, na unyevu utalegeza kope zilizogandamana. Kisha chukua kitambaa safi, ukiloweshe katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, ukigusishe polepole juu ya kope ili matongo yalainike. Usizifumbue kope kwa kucha wala kwa kijiti.

Wako watu wanaotia maziwa ya mama, utomvu wa majani, au dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Usifanye hivyo. Maziwa huchacha na kulisha vijidudu. Baadhi ya dawa za macho za binadamu hupunguza uvimbe lakini huchelewesha kidonda kupona, na jicho lenye kidonda huweza kuharibika kabisa. Hata vitamini A yenyewe ikizidi, hasa ya sindano, humbabua kobe ngozi.

Kobe apimwe uzito kila wiki kwa mizani ndogo, na uzito uandikwe. Uzito ukipungua, au macho yote mawili yakikaa yamefumba kwa zaidi ya siku mbili, au mapovu yakionekana puani, au akihema kwa mdomo wazi, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja.

Chakula kinachomfaa ni nyasi changa, matembele, majani ya maboga, na magugu laini ambayo hayakunyunyiziwa dawa. Maganda ya mayai yaliyosagwa humpa madini ya chokaa. Porini kobe hujipatia madini hayo kwa kutafuna mifupa mikavu na hata kinyesi cheupe cha fisi, ambacho kimejaa mifupa iliyosagwa.

Afya ya mwenye kufuga

Kobe aonekanaye mzima huweza kuwa na bakteria waitwao salmonela katika utumbo wake. Bakteria hao humletea binadamu kuharisha na homa, na ni hatari zaidi kwa watoto wadogo. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia sentimita 10 hivi, kwa kuwa watoto walizoea kuwatia mdomoni. Nawa mikono kwa sabuni kila umgusapo kobe. Beseni lake lisitumike kuoshea vyombo, na maji yake yamwagwe mbali na mahali pa kuteka maji ya kunywa.

Kumwokota au kumwacha?

Kisiwani Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, wako kobe wakubwa ambao asili yao ni Aldabra katika nchi ya Shelisheli. Wanne waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Walizaliana mpaka wakafika mia mbili hivi mwaka 1955, lakini wizi uliwapunguza, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu. Ndipo watoto wa kobe wakaanza kulindwa ndani ya uzio. Kobe wa mawe naye amepungua kwa kuchukuliwa na kuuzwa ng'ambo, na tangu mwaka 2019 biashara ya kimataifa ya kobe huyo aliyetolewa porini imekatazwa.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Ukimwona mtoto wa kobe njiani, mwache. Akiwa barabarani, msogeze upande ule aliokuwa akielekea. Akiwa na jeraha, au macho yaliyovimba, mwambie mwalimu au mzazi wako ili ofisi ya wanyamapori au ya mifugo Bunda ipewe habari.

Maswali

1. Kwa nini unyevunyevu chini ya jicho la kobe huweza kuwa jambo la kawaida, lakini kwa binadamu machozi hayatiririki kila wakati?

2. Kobe mmoja ana wiki tatu, yuko katika boksi lenye mchanga mkavu, na macho yake yamevimba. Mwingine ana mwaka mmoja na amelishwa ugali tu. Je, utashuku sababu ileile kwa wote wawili? Eleza.

3. Katika jaribio lako, mfuniko upi ulinasa vumbi jingi? Matokeo yangekuwaje kama unga wa mbao ungeloweshwa?

4. Waulize wazee wa kijiji chenu ni miezi gani walikuwa wakiwaona watoto wa kobe wengi. Andika majibu yao, kisha yalinganishe na miezi ya mvua.